Somo: kugawa sabneti, naandika mara moja tu

Wiki hii nimeulizwa sabneti, yaani kukata mtandao mmoja wa kompyuta kuwa vipande vidogo, mara nne, wa mwisho kanipigia niko soko la Mwanjelwa nachagua viazi. Haya.

1. Tuseme una 192.168.10.0/24, yaani biti 24 za mwanzo kati ya 32 ni za mtandao na 8 zilizobaki ni za mashine, zinatoa anwani 256.
2. Unataka vipande vinne? Ongeza biti 2 (2 mara 2 ni 4), inakuwa /26.
3. Maski, namba inayoiambia mashine kipande chake kinaishia wapi, ni 255.255.255.192. 256 toa 192 ni 64, basi ruka hivyo, vipande vinaanzia 0, 64, 128, 192.
4. Kwenye kila kipande namba ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni brodikasti (ya kuita wote kwa pamoja), hizo hapewi mtu. Zinabaki 62.
5. Maski iwe hiyohiyo kila mashine ya kipande kimoja. Hapa ndo niliaibika. Kuna shule nilifunga, mhasibu yuko .10 (yaani 192.168.10.10), printa kipande cha pili .70, kompyuta ya mhasibu nikaisahau na 255.255.255.0 ya zamani. Intaneti inapita, video zinacheza, printa haionekani. Nikakata vichwa vya waya nikafunga vipya, nikailaumu printa, jua likazama, na baridi ya Uyole mnaijua. Kumbe kwa maski ile kompyuta inaona .70 ni jirani wa ndani, inamwita moja kwa moja badala ya kupitia ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya vipande, na jirani hayupo. Ukiona nje kunafika ila chumba cha pili hakufiki, angalia maski KABLA hujagusa waya!!

MASWALI

Fundi_Kabwe: mkuu /26 inabeba kompyuta ngapi
— Namba 4.

Fundi_Kabwe: mbona mi napata 64
— Kwa sababu hujasoma namba 4.

Dada_Makambako: Kamwene kaka. Chumba kimoja kina kompyuta 100, viwili vina 20 20. Lazima vipande vilingane?
— Kamwene dada, hili ndo swali. Si lazima. Anza na mkubwa, mpe /25, anachukua 0 mpaka 127. Halafu /27 mbili, moja ianze 128 nyingine 160, kila moja inabeba 30, na kuanzia 192 unajiwekea akiba. Ukiwatupa wadogo ovyo, mmoja 0 mwingine 128, mkubwa hana pa kulala, maana /25 inaanzia 0 au 128 tu.

Dada_Makambako: Na mwanafunzi akijibadilishia anwani aingie kipande cha ofisi?
— Kama wako swichi moja ya kawaida (kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta) anaingia, namba si ukuta. Hapo tafuta swichi yenye vilani (VLAN), inayotenga matundu yake kama mitandao tofauti.

Wa_Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana. Niongeze, radi ikianza chomoeni waya wa ruta, mi nishaunguza matundu mawili ya swichi.
— Kwa mvua za Tukuyu si utakuwa unachomoa mwaka mzima 😂