Jinsi ya kutambua badiliko la kifizikia na badiliko la kikemia kwa malakiti na waya wa shaba

Wanafunzi wengi hukariri kwamba badiliko la kifizikia hurudi nyuma na la kikemia halirudi. Kanuni hiyo ni nyepesi kushika, lakini huwaangusha watu kwenye mtihani, kwa sababu gogo lililopasuliwa kwa msumeno halirudi kuwa gogo ingawa vipande vyake vyote bado ni mti uleule, na shaba iliyogeuka kuwa kitu kingine inaweza kurudishwa kuwa shaba. Swali la kujiuliza ni moja: je, kumetokea dutu mpya ambayo mwanzoni haikuwapo? Ikiwa kilichobadilika ni umbo, ukubwa au hali tu, yaani yabisi, kimiminika au gesi, badiliko ni la kifizikia. Ikiwa dutu mpya imetokea, ni la kikemia.

Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, malakiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, inafaa kuliko mifano mingi ya vitabuni. Omba vipande vidogo vinavyobaki kwa mafundi wanaochonga mapambo ya jiwe hilo la kijani. Vifunge ndani ya kitambaa kilicholoweshwa, uviponde kwa nyundo ukiwa nje, huku umefunika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake lina sumu. Utaona kwamba unga ni wa kijani hafifu kuliko jiwe lenyewe. Usidanganywe na rangi hiyo: unga bado ni malakiti, na kuponda ni badiliko la kifizikia.

Kausha unga, pima gramu 10, uweke kwenye kijiko kikubwa cha chuma, kisha ukishikilie kwa koleo juu ya mbabula (jiko la makaa) iliyokolea, ukikoroga kwa kijiti cha chuma na kuzuia vipande vya makala visiingie. Kijani kitafifia, na hatimaye unga wote utakuwa mweusi. Uache upoe, uupime, uupashe moto tena na uupime tena mpaka uzito usishuke. Malakiti safi ya gramu 10 huacha gramu 7.2 hivi za oksidi ya shaba. Jiwe lenye mchanganyiko wa udongo litatoa hesabu tofauti, nalo si kosa lako. Gramu 2.8 zilizopungua zimetoka kama mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi.

Shuleni, gesi hiyo inaweza kuonyeshwa waziwazi. Mwalimu apashe unga moto ndani ya chupa ya maabara yenye mpira wa kupitishia gesi, na ncha ya mpira izame kwenye maji ya chokaa yaliyochujwa mpaka yakawa maangavu. Maji yakigeuka kama maziwa, kaboni dayoksaidi ipo. Gesi ikiendelea kupita kwa muda mrefu, weupe huo unaweza kutoweka tena, kwa hiyo macho yasibanduke kwenye chupa tangu viputo vya kwanza. Mpira utolewe majini kabla ya moto kuondolewa, la sivyo maji yatavutwa kuingia kwenye chupa yenye joto na kuipasua.

Viputo peke yake si ushahidi. Maji yanayochemka yana viputo vingi, navyo ni maji yaleyale katika hali ya mvuke. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, hufanya hivyo kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mshumaa nao una mabadiliko yote mawili kwa wakati mmoja: nta inayoyeyuka na kuganda ubavuni ni ile ile, ilhali nta inayoungua kwenye utambi hutoa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi.

Sasa chukua kipande cha waya wa shaba. Ondoa plastiki yake kwa kisu, wala usiichome, kwa maana moshi wake ni wa sumu. Sugua waya kwa msasa mpaka ung'ae, uukunje na kuukunjua: hilo ni badiliko la kifizikia. Ushike kwa koleo kwenye ndimi za moto na utashika weusi. Weusi huo si masizi yanayofutika kwa kidole. Ni oksidi ya shaba, ileile tuliyoipata kwenye malakiti, iliyotokana na shaba kuungana na oksijeni ya hewani. Gramu 63.5 za shaba huchukua gramu 16 za oksijeni, lakini tabaka la waya wako ni jembamba mno kwa mizani ya kawaida kulitambua.

Oksidi hiyo ikichanganywa na unga wa makala na kupashwa moto mkali, kaboni huchukua oksijeni, na shaba nyekundu hurudi. Hivyo ndivyo wafua shaba wa zamani wa Katanga walivyoyeyusha malakiti katika tanuru za udongo. Waliichoma kwa makala, wakapata shaba kwa mabadiliko ya kikemia. Kisha shaba iliyoyeyuka, ambayo huhitaji nyuzi 1,085, waliimimina katika kalibu ili igande kuwa misalaba iliyotumika kama fedha. Kuyeyuka huko na kuganda ni mabadiliko ya kifizikia. Kwa hiyo swali likikuuliza kuhusu kazi nzima ya tanuru, usijibu kwa neno moja. Tenganisha hatua, na kwa kila hatua taja dutu iliyoingia na iliyotoka.

Ukitaka uthibitisho wa mwisho kwamba weusi wa waya ni dutu mpya, utumbukize katika siki usiku kucha. Oksidi itamenyuka na siki, nayo siki itaanza kuwa ya kibuluu. Kimiminika hicho ni sumu: usikionje, usitumie chombo cha jikoni, na ukabidhi mabaki kwa mwalimu badala ya kuyamwaga karibu na kisima au bustani.