Kengele Ni Hodi: Namna ya Kupita na Baiskeli Kati ya Waenda kwa Miguu

Anayeendesha baiskeli kutoka Ubungo hadi Magomeni, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, hana mahali ambapo atakuwa peke yake. Mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kutoa huduma mwezi Mei 2016, ulijengewa njia za pembeni kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli, nalo lilikuwa jambo la heri. Lakini njia hizo hizo hupitiwa na mama aliyejitwika beseni la samaki, wanafunzi wanaotoka shule kwa makundi, bodaboda anayekwepa foleni na muuza machungwa aliyepanga bidhaa zake pale palipo na kivuli. Mitaa ya ndani, ambako hakuna njia ya pembeni kabisa, wote hugawana ukingo mmoja wa lami na mchanga wake. Kugongana katika mazingira hayo si ajali ya bahati mbaya tu. Mara nyingi chanzo chake kinaweza kuonekana mapema, na sehemu kubwa ya kuzuia imo mikononi mwa yule aliye juu ya baiskeli, kwa kuwa ndiye mwenye mwendo, chuma na uzito.

Anza na breki kabla hujatoka nyumbani

Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu kisha isukume mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka badala ya baiskeli kuteleza. Bana ya nyuma vivyo hivyo, nalo gurudumu lisizunguke. Ikiwa mkono wa breki unafika hadi kugusa mpini wa usukani, waya umelegea au raba zimekwisha, na fundi yeyote wa mtaani atarekebisha kwa muda mfupi. Wenye baiskeli za zamani zenye breki za fimbo za chuma na ringi zinazong'aa waelewe kwamba ringi hizo zikilowa, raba huteleza juu yake mizunguko kadhaa kabla ya kukamata. Kwa hiyo wakati wa masika usitarajie baiskeli isimame pale iliposimama jana jua likiwaka. Zikaushe breki kwa kuzigusa kidogo kidogo ukiwa bado mbali na watu.

Kengele ni lazima, na taa ni lazima kwa anayeendesha usiku: nyeupe mbele, nyekundu au riflekta nyekundu nyuma. Mwendo wa usiku bila taa ni hatari zaidi kwa mwenda kwa miguu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu baiskeli haina mlio wa injini wa kumtahadharisha.

Mzigo nao una adabu yake. Magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa ubavuni mwa karia huifanya baiskeli kuwa pana kuliko usukani, na mwendeshaji anayepima nafasi kwa kutazama usukani wake hupita yeye salama huku gunia likimvuta mtu begani au kumkwangua mtoto usoni. Ukiwa na mzigo wa namna hiyo pima nafasi kwa upana wa mzigo, na penye msongamano shuka uikokote.

Mwendo na hesabu yake

Katika kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao kijana yeyote huufikia bila jasho, baiskeli hukata zaidi ya mita tano kila sekunde. Tangu jicho lione mtu ameingia njiani hadi vidole vibane breki hupita takriban sekunde nzima, kwa hiyo umekwisha kwenda mita tano na nusu kabla hujaanza hata kupunguza, na baada ya hapo utahitaji nyingine kama hizo au zaidi ili kusimama kwenye lami kavu. Ukishusha mwendo hadi kilomita 10 kwa saa, mita za kabla ya breki hupungua kwa nusu, na zile za kusimama hupungua hadi robo. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza mwendo mdogo kuliko ustadi wa kukwepa. Aliyebeba mzigo wa uzito sawa na wake mwenyewe na wa baiskeli yake ahesabu kwamba breki zile zile zitahitaji umbali wa karibu mara mbili.

Kwa kipimo cha kawaida, palipo na watu wengi nenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Palipo na watoto wadogo, wazee, au mtu mwenye fimbo nyeupe, nenda mwendo wa hatua. Usipoweza kuuendesha mwendo huo bila kuyumba, teremka.

Namna ya kupiga kengele

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mitaa ya Kariakoo, wachukuzi wenye mikokoteni hupita wakiita "hodi, hodi!" Wametumia neno lile lile tunalolitumia mlangoni kwa mwenzetu, na neno hilo lina utaratibu wake: ukibisha hodi husukumi mlango, unangoja ukaribishwe. Kengele ya baiskeli ichukuliwe hivyo hivyo. Inamjulisha mtu kuwa upo nyuma yake na unaomba kupita, haimwamuru aondoke.

Nimejifunza jambo hili kwa kumuumiza mtu. Jioni moja nilikuwa nyuma ya mzee mmoja aliyevaa kanzu na kushika mfuko wa mboga, nami nikapiga kengele nikiwa nimebakiza mita mbili au tatu, nikiwa tayari nimekwisha elekeza gurudumu upande wake wa kulia. Mzee aligeuka ghafla kutazama sauti inatoka wapi, na alipogeuka mguu wake wa kulia ukaingia pale pale nilipokusudia kupita. Usukani ulimpiga kwenye kiwiko, akaanguka kwa kukalia mkono, na mchicha ukatawanyika mchangani. Hakuwa amekosea lolote. Mtu aliyeshtuliwa kutoka nyuma hugeuka kwanza ndipo huamua, na anapogeuka mwili wake huhama njia. Anayepiga kengele kwa karibu anasababisha mruko ule ule anaoulalamikia.

Kwa hiyo, piga kengele mara moja, kwa upole, ukiwa umbali wa mita 15 hadi 20, na wakati huo huo anza kupunguza mwendo. Ngoja uone ishara kwamba umesikika: bega limegeuka, mtu amesogea, au amekutazama. Usipoiona ishara hiyo, usidhani ni ukaidi. Huenda ni kiziwi, huenda ana vipokea sauti masikioni, huenda amezama katika msiba wake. Karibia kwa mwendo wa hatua na useme kwa sauti ya kawaida: "Samahani mama, naomba kupita kulia kwako." Kutaja upande husaidia sana, mradi utaje upande wake na si wako. Kelele za "pisha!" au "upande!" hazimwambii mtu aende upande upi, na kwa aliyekuzidi umri ni utovu wa adabu. Kwa mzee, "shikamoo" iliyotangulia hutosha kabisa. Ataitikia "marahaba", na katika kuitikia atakuwa amekwisha kukuona. Pita ukiacha nafasi ya mkono mzima ulionyooshwa, kisha sema "asante".

Watembeao kwa kundi wasipitwe katikati. Mtoto aliye upande mmoja wa njia na mama yake upande wa pili atakimbilia kwa mama yake mara tu atakaposikia kengele, bila kutazama. Hapo simama.

Mahali panapodai uangalifu wa ziada

Kituo cha daladala ndicho cha kwanza. Kwa kuwa tunapita kushoto na milango ya daladala iko kushoto, abiria hushukia moja kwa moja katika mstari wa baiskeli, na konda huwa amesharuka chini kabla gari halijasimama. Daladala ikiashiria kuingia kituoni, baki nyuma yake. Usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara hata kama nafasi inaonekana ya kutosha, maana mlango ukifunguka nafasi hiyo haipo tena.

Kivuko cha pundamilia ni hatari kwa namna ya kipekee, nacho kinastahili kuelezwa taratibu. Gari limesimama kumpisha mtu avuke. Mwendeshaji baiskeli anayekuja kushoto kwa foleni anaona magari yamesimama, anadhani ni foleni ya kawaida, na anaendelea. Mvukaji, akijua magari yamempa ruhusa, anatokeza mbele ya gari lililomficha na kukutana na gurudumu. Hakuna kati yao aliyeweza kumwona mwenzake. Kanuni ya kufuata ni moja: magari yakiwa yamesimama karibu na kivuko, nawe simama, ndipo uchungulie. Anayetaka kutumia kivuko hicho kuvuka na baiskeli ashuke na kuikokota kama wengine.

La tatu ni kuendesha kinyume na mwelekeo wa magari ili kufupisha safari. Mwenda kwa miguu anayevuka upande wake wa karibu hutazama kulia, kwa sababu magari hutoka huko. Ukimjia kutoka kushoto hakuna hata chembe ya sababu ya yeye kukutarajia. Kama huna budi, teremka. Mtu anayekokota baiskeli ni mwenda kwa miguu.

Wajibu wa anayetembea

Mzigo mkubwa ni wa mwendeshaji, lakini anayetembea naye anaweza kujikinga. Tembea kwa mstari ulionyooka na ushike upande mmoja. Mkiwa watatu au wanne, msiizibe njia nzima. Ukisikia kengele, usiruke: endelea na mwelekeo wako au simama wima, ili mwenye baiskeli ajue ulipo. Mshike mtoto mkono ukiwa wewe upande wa vyombo na yeye upande wa ndani. Kabla ya kukata njia ya baiskeli tazama pande zote mbili, kwani masikio pekee hayatoshi. Pasipo na njia ya pembeni tembea kulia ukiyatazama magari yanayokuja, na usiku vaa kitu cheupe au washa tochi ya simu ukiielekeza chini.

Ikitokea mmekabiliana ana kwa ana na kila mmoja anakwepa upande ule ule, mwenye baiskeli aweke miguu chini na kusimama kabisa, mwenzake achague pa kupita.

Mkigongana

Simama. Kumkimbia mtu uliyemwangusha ni kosa mbele ya sheria na mbele ya watu. Ondoeni baiskeli mahali yanapopita magari, lakini anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo asiinuliwe kwa haraka. Mzungukeni, msimamishe magari, mpige simu 112. Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi, hata kipande cha khanga, bila kukiinua kila mara kuchungulia. Mzee aliyeangukia ubavu na kushindwa kusimama apelekwe hospitali, kwa kuwa nyonga za wazee huvunjika kwa maanguko yanayoonekana madogo. Aliyepiga kichwa asiachwe peke yake kwa siku nzima, na akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akiumwa kichwa kwa kuzidi, au akitokwa na damu au maji masikioni au puani, awahishwe kwa daktari hata kama mwanzoni alisema yuko salama. Kituo cha polisi hutoa fomu ya PF3 kwa majeruhi wa ajali. Mwenye hali mbaya atangulie hospitali, ndugu aifuatilie fomu.

Watu watajaa, na sauti zitapanda. Sema "pole" kwanza, na uiseme kwa yule aliyeanguka, si kwa umati. Usibishane hapo juu ya nani alikosea. Peaneni namba za simu mbele ya shahidi mmoja au wawili, na gharama za matibabu zizungumzwe baadaye mkiwa mmetulia, ikiwezekana kwa maandishi. Kesho yake nenda ukamjulie hali. Mimi nilikwenda, na yule mzee alinikaribisha mkekani akiwa na bandeji mkononi. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama baiskeli yangu ilipona.

Ni swali la kuchukuliwa kwa uzito. Kabla ya kupanda tena, inua gurudumu la mbele na ulizungushe: likigusa raba ya breki upande mmoja, ringi imepinda. Tazama foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa ubavu kama imerudi nyuma, na hakikisha usukani umenyooka na gurudumu. Ukipata dosari yoyote kati ya hizo, ikokote hadi kwa fundi.