Kujua bei ya awali ya gitaa la stili lenye pedali

Anza na mwaka gitaa hili, linalopigwa likiwa limelazwa na kubadilishwa sauti kwa pedali, lilipotengenezwa. Kwenye modeli za Fender 400 au 1000, mimi husoma kwanza namba zilizopigwa kwenye potensiometa ya sauti, yaani kifaa cha ndani kinachozungushwa kupandisha na kushusha sauti. 304-6625 maana yake ni kiwanda cha Stackpole, mwaka 1966, wiki ya 25. Mradi solda (risasi inayoshika nyaya zake) haijaguswa, yaani kifaa hakijabadilishwa, gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo.

Kisha tafuta orodha ya bei ya mwaka huohuo. Katalogi ya picha peke yake haitoshi: bei mara nyingi zilichapwa kwenye karatasi ya pembeni, na karatasi hiyo ndiyo watu waliyoitupa. Angalia modeli vizuri, maana 400 ina shingo moja ya nyuzi nane, 1000 ina mbili. Angalia pia kama kasha lilihesabiwa humo. Kwa magitaa ya kampuni za Sho-Bud au Emmons, hesabu pedali na nyenzo zinazosukumwa kwa goti kabla ya kulinganisha chochote.

Bei ya orodha si lazima iwe ndiyo aliyolipa mnunuzi. Wenye maduka walipunguza. Risiti iliyosahaulika ndani ya kasha naiamini zaidi.

Ukitaka kuipima kwa leo, dola 1 ya 1966 ni takriban dola 9.70 za 2024.