Kurekebisha fida ya FM iliyoingia maji kwenye mlingoti

Fida ni kebo inayobeba mawimbi kutoka mtambo wa kurushia matangazo (transmita) hadi antena. Mwongozo huu ni wa fida ya shaba ya inchi 7/8, omu 50, yenye povu ndani, kwenye mlingoti wa mita 60 hivi kama ile ya Riat, Kisumu. Ukanda wa ziwa una radi nyingi. Radi hutoboa ganda jeusi la kebo vitundu vidogo kama vya sindano, na mvua humalizia kazi. Kuzungushia tepu juu ya kitundu hakusaidii: unayafungia maji ndani.

Kabla ya kupanda, zima transmita, funga swichi kuu kwa kufuli, na ufunguo akae nao anayepanda. Stesheni nyingine zilizo kwenye mlingoti huohuo nazo zizime au zipunguze nguvu, maana antena ya jirani huchoma ngozi hata yako ikiwa imelala. Panda asubuhi. Wingu likianza kujijenga upande wa ziwa, shuka.

1. Thibitisha kwamba ni fida. Funga dami lodi (kifaa kinachokaa mahali pa antena na kumeza nguvu bila kuirusha) kwenye transmita na uwashe kwa nguvu ndogo. Mawimbi yanayorudi yakiwa karibu sufuri, transmita ni nzima. Kisha ipeleke dami lodi juu, uifunge kwenye fida mahali pa antena. SWR, yaani kipimo cha mawimbi yanayorudi (1.0 maana yake hakuna yanayorudi), ikizidi 1.1, fida ina kasoro.

Lakini usidanganywe na SWR nzuri. Kebo yenye maji hula nguvu ikipanda na hula tena ikirudi, kwa hiyo mita ya SWR iliyo chini hutulia huku wasikilizaji wa Bondo wakipata mikwaruzo tu. Pima wati kule juu: ukiingiza 100, mita 60 za kebo hii zikupe takriban 85. Ukipata 60, kebo imeoza.

2. Tafuta mahali penyewe. Kwenye analaiza, kifaa kinachoonyesha kosa liko umbali gani, weka kasi ya kebo (kasi ya mawimbi ndani yake ikilinganishwa na ya mwanga) kuwa 0.88. Ikibaki 0.66, kosa lililo mita 60 litaonyeshwa mita 45, nawe utakata mahali pasipo na kosa. Ukitumia mega (kipimo cha kuvuja kwa umeme) ya volti 500, fungua ncha zote mbili. Antena nyingi za FM zimeunganishwa na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) kwa ndani, hivyo ukiiacha utasoma shoti isiyokuwepo. Halafu tumia macho: chini ya konekta, kwenye vifungo vya ethi, na popote kebo inaposugua chuma. Maji huteremka, kwa hiyo tundu mara nyingi liko juu ya mahali palipoharibika.

3. Kata. Kwanza funga kebo kwa kamba juu na chini ya mkato. Mita 40 zinazoning'inia zina uzito wa kilo 20 hivi. Tumia msumeno wa meno madogo, ncha ikielekea chini ili unga wa shaba uanguke nje. Endelea kukata sentimita 10 kila mara hadi shaba ing'ae na povu liwe jeupe, kavu kabisa. Shaba nyeusi au ya kijani ni ya kutupa. Kebo haina ziada ya kuvuta, kwa hiyo kipande kipya kitahitaji viungo viwili, yaani konekta nne. Uharibifu ukiwa karibu na juu, ni afadhali kubadilisha sehemu yote ya juu na kubaki na kiungo kimoja.

4. Funga konekta. Fuata vipimo vya karatasi ya konekta yenyewe. Lainisha shaba kwa tupa, futa kwa spiriti, hakikisha hakuna chembe juu ya povu. Chembe moja huwasha cheche nguvu ikifika kilowati. Konekta ya aina ya DIN 7/16 hukazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Nm 25 hadi 30.

5. Ziba. Tepu ya mpira inayojishika, kisha tepu ya PVC, ukianzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko ulalie wa chini yake kama mabati ya paa. Ukianza juu, maji yataingia.

6. Rudisha. Vibanio kila mita moja, mikunjo isipungue nusu kipenyo cha sentimita 25, na ethi juu, chini ya mlingoti na kabla ya kuingia chumbani. Rudia kipimo cha wati, kisha uandike matokeo kwenye mlango wa transmita. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, pima tena. SWR ikiwa imepanda hata kidogo, fungua kiungo kabla shaba haijageuka kijani.