Idadi, nusu na gunia: kitenzi kipi kwa Kiingereza?

Ripoti ya wavuvi wa Dunga, Kisumu, ikiandikwa kwa Kiingereza, sentensi hii haikosekani: "A number of fishermen has returned." Ni kosa, na mzizi wake uko katika Kiswahili. Kwetu "idadi" huvuta kitenzi upande wake: idadi ya wavuvi imepungua. Mtu akiona "number" anawaza "idadi", basi anaandika kitenzi cha umoja.

Tafsiri kwanza, kisha sikiliza kiambishi. "A number of fishermen" ni wavuvi kadhaa. Wavuvi kadhaa *wa*merudi, kwa hiyo "have returned". "The number of fishermen" ndiyo idadi yenyewe. Idadi *i*mepungua, kwa hiyo "has fallen". Kinachotenganisha hizi mbili ni "a" na "the" tu, na "a large number of" hufuata ile ya kwanza.

"A lot of", "most of", "half of" na "70 per cent of" hazina mamlaka juu ya kitenzi. Tazama nomino inayofuata "of". Sukari iliyonyeshewa pale sokoni Kibuye: "Half of the sugar was wet." Maembe yaliyooza: "Half of the mangoes were rotten." Hapa jihadhari na ngeli zetu. Mizigo tunaihesabu, lakini "luggage" ya Kiingereza haihesabiki wala haipokei "s": "A lot of luggage was left in the matatu." "Furniture", "equipment" na "information" ni hivyohivyo. "Police" ni kinyume, daima wingi: "Most of the police were there."

"Majority" huandikwa sana Kenya bila "the". Irudishe: "The majority of the traders are women."

Kwa gunia, debe au kreti, hesabu chombo, usihesabu kilichomo. "A bag of oranges was stolen", hata yakiwa machungwa mia. Magunia mawili: "Two bags of maize were sold."

Pesa, uzito, muda na umbali vikichukuliwa kama kiasi kimoja hupewa umoja: "Five hundred shillings is enough", "Ninety kilos is too heavy for him." Ila sarafu tano zilizotawanyika mezani ni vitu vitano: "Five coins were on the table."