Namna ya Kutoa Maoni Yanayopimika Kuhusu Filamu na Tamthilia

Mwezi Julai 2025, kinyozi wangu wa Majengo, mjini Moshi, alinitangazia wembe ukiwa shingoni mwangu kwamba msimu wa tatu wa Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini, haufai kutazamwa. Nilimuuliza kwa upole, kama inavyompasa mtu aliye katika hali ile, ni tukio gani hasa lililomchukiza. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Kaka, nikuambie ukweli, sijaitazama yote. Nimeona vile vipande kwenye simu, halafu mdogo wangu akanisimulia mwisho." Nilimheshimu kwa kukiri, kwa sababu wengi wetu hutoa hukumu za namna hiyo hiyo bila kusema tulichokiona na tusichokiona. Mwongozo huu unamhusu shabiki wa kawaida anayetaka kusema neno juu ya filamu au tamthilia mpya, na neno hilo limsaidie anayemsikiliza hata kama hatakubaliana nalo.

Anza kwa kutaja nakala uliyoitazama. Nitalizungumza hili kwa kirefu kuliko mengine kwa kuwa huku kwetu ndilo linalopuuzwa zaidi. Filamu moja inaweza kutufikia kwa njia nyingi: kwa kisimbuzi, kwa huduma ya kulipia kwenye simu, kwa flashi iliyojazwa dukani, au katika banda la video ikiwa imetafsiriwa na dijei anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Aliyetazama kwa njia ya kwanza na aliyetazama kwa njia ya mwisho wanaweza kubishana hadi usiku wa manane, kumbe kila mmoja anatetea kazi ambayo mwenzake hajapata kuiona.

Somo hili nililipata kwa Sinners, filamu ya Ryan Coogler iliyotoka Aprili 2025, ambayo hadithi yake inafanyika Mississippi mwaka 1932 na ambamo Michael B. Jordan anaigiza ndugu wawili pacha. Mara ya kwanza niliitazama mtaani Pasua, hapa Moshi, nyumbani kwa shemeji yangu, katika nakala iliyotafsiriwa. Katikati ya filamu kuna tukio ambalo kijana Sammie anaimba kwa gitaa ndani ya ukumbi wa dansi, na muziki wake unawaita wafu na wale ambao bado hawajazaliwa: wanaingia wachezaji wa ngoma za Kiafrika, anaingia mpiga gitaa la umeme, anaingia dijei wa miaka ya karibuni, wote wanacheza katikati ya wafanyakazi wa mashamba ya pamba. Katika nakala yetu msimulizi alizungumza mfululizo juu ya wimbo ule, akitueleza kwamba watu wamelewa, na mimi nikaandika katika daftari langu: "Wimbo mrefu usio na kazi." Wiki mbili baadaye niliitazama filamu ile ile kwa sauti yake yenyewe, vipokea sauti vikiwa masikioni, nikalifuta neno lile kwa aibu. Wimbo ule ndio mhimili wa filamu nzima. Ukiuondoa, kinachobaki ni hadithi ya kutisha kama nyingine tulizozizoea.

Sisemi hivi ili kuwadharau madijei wa kutafsiri, kwa kuwa wao ndio waliowawezesha wazazi wetu kufuata filamu za lugha wasizozijua, na baadhi yao wana vichekesho vinavyopita vya mwandishi mwenyewe. Tafsiri ni sanaa inayostahili maoni yake peke yake. Kosa ni kumtwika muongozaji wa Marekani mzaha uliotungwa Dar es Salaam, au kumnyima sifa ya muziki ambao hukuusikia. Vivyo hivyo kuhusu picha: Coogler alitumia kamera za filamu za ukanda mpana, ili katika kumbi za IMAX, zile zenye skrini kubwa mno, picha ikue na kujaza ukuta katika baadhi ya matukio. Mimi niliyetazama kwenye televisheni ya inchi 32 sina la kusema kuhusu jambo hilo, na kunyamaza hapo ni sehemu ya uaminifu.

Hatua inayofuata ni kuitazama kazi kwa urefu wake. Nunua umeme wa Luku na bando la kutosha kabla hujaanza, mpe mtoto chakula, kisha kaa. Sababu yake inaonekana waziwazi katika Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya sehemu nne iliyotoka Machi 2025 ikiongozwa na Philip Barantini. Kila sehemu, ambayo ni ya karibu saa moja, ilipigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa hata mara moja. Katika sehemu ya kwanza polisi wanavunja mlango asubuhi, wanamchukua mvulana wa miaka 13, na kamera inatoka naye nyumbani, inaingia garini, inafika kituoni, nawe huna pa kupumzikia macho kama vile wazazi wake wasivyokuwa na pa kupumzikia. Mtu aliyeitazama kwa vipande vya dakika moja moja kwenye simu amekatiwa kile ambacho mtengenezaji alikataa kukikata. Anaweza kuisimulia hadithi yote pasipo kosa, na bado hajaiona tamthilia.

Wakati wa kutazama, weka karatasi karibu. Usiandike insha, kwa sababu ukiinamia karatasi utapitwa na picha. Andika dakika, kitu ulichokiona, na neno moja la ulivyojisikia. Katika sehemu ya tatu ya Adolescence, ambayo karibu yote inafanyika ndani ya chumba kimoja kati ya mvulana yule na mwanasaikolojia, maandishi yangu yalikuwa haya tu: "Mwishoni, mkate uliong'atwa, mwanasaikolojia hawezi kuushika." Kwa maneno hayo machache ninaweza hadi leo kumweleza mtu yeyote kwa nini ninaamini kwamba Erin Doherty, aliyeigiza mwanasaikolojia huyo, aliigiza vizuri kupita wote katika tamthilia hiyo, ingawa sifa nyingi zilimwendea kijana Owen Cooper, aliyeigiza mvulana yule, naye alizistahili. Atakayenipinga ana mahali pa kwenda kukagua. Maoni yasiyo na mahali pa kukaguliwa, kama vile "ni kali" au "ni mbovu", humwacha msikilizaji pale pale alipokuwa.

Jihadhari pia na vipimo tulivyovirithi kutoka kwenye banda la video. Kile kinachosema kwamba stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi kilitufaa tulipokuwa watoto, lakini leo kinatufanya tuzikasirikie kazi nzuri kwa sababu tu zimethubutu. Kingine ni kuipima sizoni, yaani tamthilia ya sehemu nyingi, kwa kipimo cha singo, yaani filamu moja inayojitegemea. Singo ina saa mbili au tatu za kukushawishi, na ikishindwa imeshindwa. Sizoni inaweza kuanza kwa kusuasua na bado ikawa na haki ya kusubiriwa. Binafsi huipa sizoni sehemu tatu. Isiponishika hapo ninaiacha, lakini ninapoulizwa husema kwamba niliiacha katika sehemu ya tatu, na si kwamba ni mbaya.

Kuhusu filamu zilizotokana na vitabu nitasema kidogo. Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni, na lalamiko linalosikika mara nyingi ni kwamba mambo kadha wa kadha ya kitabuni hayamo. Ni kweli hayamo. Swali lenye faida ni muongozaji ameweka nini mahali pake, na jibu langu ni kwamba ameweka rangi, ukimya na nyuso, akaiacha Unguja ya miaka ya 1950 ionekane badala ya kusimuliwa. Unaweza kusema kwamba badiliko hilo halikukuridhisha, mradi uwe umelitazama kwanza.

Kuna eneo moja ambalo mtazamaji wa Moshi au Arusha ana neno ambalo mhakiki wa mbali hana, nalo ni pale tunapoonyeshwa sisi wenyewe. Tangu Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa kwa sehemu kubwa huku kaskazini, filamu za kigeni zimeipenda milima yetu na wanyama wetu kuliko zilivyowapenda watu wetu. Hata tamthilia zetu za nyumbani zina kasoro ya jamaa hiyo: Mchaga wa kuchekesha mwenye duka, anayehesabu fedha na kuvuta maneno kwa lafudhi ambayo sijawahi kuisikia Kibosho wala Marangu. Usiishie kusema kwamba wametudharau, kwa maana hapo mazungumzo hugeuka kuwa ugomvi wa makabila. Jaribu hivi: ondoa lafudhi ile akilini, kisha uliza ni nini kinachobaki kwa mhusika huyo. Anapobaki na mke anayemwogopa, deni alilolificha na hofu ya kurudi kijijini Desemba akiwa mikono mitupu, huyo ni mtu na mwigizaji apewe sifa yake. Asipobaki na chochote, sema hivyo, na utaje tukio.

Kwa kuwa nimeitaja Desemba, nyumba inapojaa wajomba, mashangazi na watoto waliotoka kila mkoa, tazameni filamu pamoja na mfurahi, ila msihesabu kwamba mmetazama. Ninaipenda kelele ile, lakini sijapata kutoa maoni ya haki juu ya filamu niliyoitazama huku shangazi akiuliza kila dakika kama yule ndiye aliyekufa jana.

Siri ya mwisho uilinde kwa adabu ya mtambaji wa hadithi: kabla ya kusema kitu kilichotokea baada ya nusu ya kazi, muulize mwenzako kama ameshafika hapo. Na ukibadilisha mawazo, libadilishe lile neno la kwanza mbele ya wale wale uliowaambia. Mimi nilisema Desemba 2024 kwamba msimu wa pili wa Squid Game, wenye sehemu saba, ulikuwa dhaifu ukilinganishwa na zile tisa za mwaka 2021. Sehemu sita za msimu wa tatu zilipotoka Juni iliyofuata, niliona kwamba misimu hiyo miwili ni hadithi moja iliyokatwa katikati, na kwamba nilikuwa nimehukumu nusu ya kikapu. Ilinibidi niwaeleze watu wanne.

Mmoja wao alikuwa kinyozi wangu. Niliporudi kunyolewa alikuwa ameshaitazama yote kwa usiku mitatu mfululizo, kwa Kikorea na maandishi chini ya picha, bila msimulizi. Bado alisema haifai. Nilimuuliza tena ni wapi, naye safari hii hakufikiri. "Ile mashua, kaka," alisema akikung'uta taulo. "Mpelelezi anazunguka baharini kutafuta kisiwa tangu msimu wa pili, na ukimwondoa yeye na mashua yake yote, hadithi haipotezi kitu." Kuhusu mwisho tulibishana hadi mteja aliyekuwa akingoja akaanza kukohoa. Kuhusu mashua sikuwa na la kumjibu.