SOMO: Pikapu ya dabo kwa kuvuta tela, soma yote kabla hujaenda kuweka saini

Habari wakuu. Wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu watano wanauliza kitu kilekile, "Baba Tumaini ninunue duali au ninunue ya kawaida", kila mmoja namwelezea karibu saa nzima halafu kesho yake anapiga shemeji yake anauliza hilohilo. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Kwa wageni: duali, wengine tunaita dabo, ni pikapu ya tairi sita, mbili mbele na nne nyuma, kama Canter ya nyumbani. General Motors walianza kuzitoa kiwandani mwaka 1973, na leo unazipata kwenye Ford F-350 na F-450, Ram 3500, Silverado 3500HD na Sierra 3500HD. Mimi niko Fort Worth, nabeba mizigo ya hotishoti, yaani ya haraka inayobebwa na pikapu na tela, na Ram 3500 ya dabo na gusineki (tela ambalo shingo yake inafungwa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, sio kwenye bampa) ya futi 40, huu mwaka wa sita. Kabla ya hapo nilivuta na ya tairi nne miaka miwili, kwa hiyo zote mbili nazijua. Sheria ninazotaja ni za Marekani tu.

Hatua ya 1. Jua tela lako lina uzito gani likiwa na mzigo. Sio likiwa tupu.

Hatua ya 2. Fungua mlango wa dereva, piga picha kile kibandiko. Unatafuta GVWR, yaani uzito wa juu kabisa wa gari na kila kilicho juu yake, na uzito wa juu wa ekseli ya nyuma.

Hatua ya 3. Jaza tenki, kaa ndani na vifaa vyako vyote, nenda mizani. Za CAT Scale ziko kwenye vituo vingi vya malori. Mlango hauna habari kwamba umeongeza sanduku la spana na tenki la pili la dizeli, mizani inajua.

Hatua ya 4. Hesabu uzito unaokaa kwenye shingo. Gusineki inalalia gari kwa kama asilimia 20 mpaka 25 ya uzito wa tela, ya kuvuta kwa bampa asilimia 10 mpaka 15. Hapa ndio duali inaponunuliwa au isiponunuliwa. Chukua gusineki ya paundi 18,000 na mzigo wake. Asilimia 20 ni 3,600, asilimia 25 ni 4,500. Gari yangu ya zamani ya tairi nne kibandiko kilisema 11,500, mizani ikasema 7,900 nikiwa ndani, ikabaki 3,600. Maana yake mzigo ukikaa mbele kidogo tu nimeshazidisha. Hii ya dabo kibandiko 14,000, mizani 8,600, inabaki 5,400. Watu wanaangalia gari inavuta paundi ngapi kwenye tangazo la tivii, kuvuta kila injini ya dizeli inavuta siku hizi, kinachokwisha mapema ni mgongo wa gari.

Hatua ya 5. Leseni, na hapa duali inaweza kukugeuka. Jumlisha GVWR ya gari na ya tela. Ikifika 26,001 na tela lenyewe limezidi 10,000, unatakiwa CDL, leseni ya udereva wa kibiashara, ya daraja A. Gari ya 11,500 na tela la 14,000 ni 25,500, unapita na leseni ya kawaida. Tela hilohilo kwenye duali ya 14,000 inakuwa 28,000, umeshaingia CDL hata kama siku hiyo umebeba magodoro, kwa sababu askari anasoma vibandiko. Asiye na CDL akitaka duali basi tela lisizidi 12,000. Na kama ni biashara ya kuvuka jimbo, ukishazidi 10,000 unahitaji namba ya USDOT (Idara ya Usafirishaji) na kadi ya daktari, duali inafika hapo peke yake bila tela.

Hatua ya 6. Pima unapolala na gari. Upana wa nyuma ni inchi 96 hivi, ya kawaida ni kama 80. Chukua futi kabisa nenda kapime parking ya apatimenti yako.

Hatua ya 7. Tairi za ndani. Naomba hii isomwe taratibu.

Uzuri wa tairi nne nyuma ni kwamba moja ikiishiwa upepo mwenzake anakushikilia, hulali barabarani. Ubaya wake ni huohuo, kwa sababu huoni kitu. Agosti ya mwaka wangu wa kwanza na duali nilitoka Oklahoma City naelekea Amarillo kwa I-40, nimebeba mashine ya kuchimbia, jua kali. Asubuhi nilipima tairi za mbele na za nje za nyuma, za ndani nikaziacha kwa sababu kuzifikia ni kupiga magoti na kupitisha mkono kwenye tundu la rimu ya nje, na rimu ilikuwa na tope. Nikajiambia jana zilikuwa sawa. Kumbe kiunganishi cha valvu ya ndani kulia, kile ki-mpira kirefu nilichowekewa na fundi mmoja, kilikuwa kimepasuka na kinavuja polepole. Nimeshaingia Texas nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikadhani ni lori la mbele yangu. Dakika kumi baadaye ya nje ikapasuka. Fenda ile pana ya duali ikang'oka yote na bomba la breki ya tela likachanwa. Nilipotoa tairi ya ndani, nilipoinamisha rimu, ukamwagika unga mweusi kama masizi ya jikoni. Ukuta wa tairi wote ulikuwa umesagika kuwa unga huku mimi naendesha nasikiliza redio.

Hesabu yake ni hii. Tairi ya LT235/80R17 ya kundi E kwenye dabo inabeba paundi 2,833, ikiwa peke yake 3,086. Ekseli yangu ya nyuma ilikuwa na kama 9,000, kila tairi ibebe 2,250, raha kabisa. Ya ndani ilipokufa ya nje ikabeba 4,500. Hakuna tairi ya saizi ile inayostahimili hiyo kwa maili 65 kwa saa kwenye lami ya Agosti.

Kwa hiyo: nunua geji yenye midomo miwili, mmoja unatazama mbele na mwingine umegeuzwa nyuma, ndio inaingia kwenye valvu ya ndani. Pima zote sita kila asubuhi zikiwa baridi. Usitegemee taa ya dashibodi, sheria ya sensa za upepo inahusu magari ya mpaka paundi 10,000 na magari ya tairi dabo yameachwa nje, matoleo mapya mengine wanaweka lakini ya zamani usitegemee, nunua sensa zako za kufunga. Tairi mbili za upande mmoja ziwe aina moja na zimechakaa sawa, moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake inabeba mzigo wote na nyingine inaburuzwa tu. Ukifungua rimu yoyote, kaza nati tena ukishatembea maili 50 mpaka 100, usimwachie fundi. Na angalia mawe katikati ya tairi, ukipita barabara ya kokoto jiwe linakaa pale linakula kuta zote mbili.

Hatua ya 8. Gharama. Unanunua tairi sita badala ya nne. Gari nyingi rimu za nje ni aluminiamu na za ndani chuma, hivyo kuzungusha tairi hovyo haiwezekani bila kuzivua kwenye rimu. Tupu inaruka ruka, na kwenye tope au theluji inateleza kwa sababu uzito umetawanyika kwenye tairi nne.

Hatua ya 9. Kama hatua ya 4 imekubana, chukua dabo. Utaiona kazi yake siku ya upepo wa pembeni, I-80 kule Wyoming au hapo Amarillo, tela refu linasukumwa na gari imetulia. Kama haijakubana, chukua ya tairi nne.

MASWALI

Sele88: Mkuu somo zuri, kwa hiyo duali inavuta tani ngapi?

Baba Tumaini: Hatua ya 2, 3 na 4.

Sele88: Nimesoma ila sijaona namba

Baba Tumaini: Namba iko kwenye mlango wa gari yako. Sina mlango wako.

Njoro_TX: Boss, hapa mnatisha watu bure. Mimi niko na F-150 navuta trela ya futi 40 mwaka wa pili sijaona shida yoyote.

Baba Tumaini: Kaka, nenda mizani leo hii, hata saa moja haikuchukui, uweke karatasi yake hapa tuisome pamoja. Mimi pia nilikuwa sijaona shida mpaka ile siku ya I-40. Nyuma yangu kulikuwa na gari ndogo yenye watoto, kipande cha tairi kiliwapita juu ya kioo. Sitishi mtu.

Mama Asante: Kaka Baba Tumaini pole na hongera kwa somo. Mimi niko Kansas City nina tela la chakula, lina majiko, friji na tenki la maji, likiwa limejaa ni paundi 9,000 na linavutwa kwa bampa. Muuzaji ananisukuma nichukue duali. Nilitaka pia kujua kwa nini tairi ileile inabeba kidogo ikiwa dabo, nilidhani ikisaidiwa ingebeba zaidi?

Baba Tumaini: Dada umeuliza vizuri sana. Kwanza tela lako: 9,000 kwa asilimia 10 mpaka 15 ni paundi 900 mpaka 1,350 kwenye gari. Hiyo haihitaji dabo, pikapu ya tairi nne ya 2500 au F-250 inatosha, hela inayobaki weka kwenye breki nzuri za tela. Ila hakikisha tenki la maji liko wapi, likiwa nyuma ya ekseli za tela linanyanyua shingo na tela litaanza kuyumba, jaza maji ukifika. Kuhusu tairi, mbili za dabo hazigawani sawasawa kamwe. Barabara imeinama pembeni maji yatiririke, kwa hiyo ya ndani inakanyaga zaidi mara nyingine, upepo unatofautiana kidogo, halafu ya ndani imefichwa haipati hewa na iko karibu na breki. Ndio maana watengenezaji wanaandika namba mbili ubavuni, 120/117 kwa mfano, ya kwanza peke yake, ya pili kwenye dabo.

Mama Asante: Asante sana. Tenki liko nyuma kabisa. Sasa naelewa kwa nini likijaa linacheza.

Baba Tumaini: Dada usilivute likijaa tena. Tukipata nafasi nitumie picha ya chini, tuone kama linaweza kusogezwa mbele.

Papa Bukavu: Ndugu yangu, miye niko Des Moines, theluji ni nyingi. Niko na duali tayari. Nifanye namna gani?

Baba Tumaini: Papa, mifuko ya mchanga juu kabisa ya ekseli, ifungwe isiteleze, na tairi za theluji zote sita. Ukija Colorado kwa biashara, I-70 kati ya Dotsero na Morrison ni lazima minyororo iwe ndani ya gari kuanzia Septemba 1 mpaka Mei 31. Jifunze kuifunga nyumbani kwanza, siku yenyewe vidole vinakuwa vimekufa ganzi.

Kijana_Newark: Ongeza hii, madaraja ya Port Authority huku New York na New Jersey gari ya ekseli mbili yenye dabo inalipa daraja la juu kuliko ya tairi nne. Na mashine za kuoshea magari wanakukataa.

Baba Tumaini: Kweli, nilisahau. Kwenye mashine ya kuoshea reli ya chini inagonga tairi ya nje. Osha kwa mkono, na ukiosha ndio unaona nati na valvu vizuri.

Canter_Mabibo: Nawasalimu kutoka Dar. Sisi tingo anagonga kila tairi na chuma anasikiliza, ikilia bu bu haina upepo. Hiyo geji ya nini?

Baba Tumaini: Salama kaka. Chuma kinakwambia tairi imekufa. Kati ya upepo wa psi 80 na 55 mlio unakaribiana sana, na 55 kwenye mzigo ndio inayopika tairi. Lakini ninacho, nagonga kila nikisimama njiani, sababu tairi ikiwa moto geji inadanganya.

Canter_Mabibo: Sawa. Basi ukisimama ongeza na mkono. Weka kiganja ubavuni mwa kila tairi, ya ndani pitisha kwa chini nyuma. Moja ikiwa moto kuliko wenzake ina jambo, hata kama mlio uko sawa. Ikiwa rimu ndio ya moto na tairi ya kawaida, angalia breki au bearingi.

Baba Tumaini: Hiyo ya kutofautisha rimu na tairi sikuijua, nimekaa miaka yote naangalia tairi tu. Naiongeza kwenye hatua ya 7. Na wenye matela, fanyeni hivyo kwenye rimu za tela pia, bearingi zake ndizo zinakufa kwanza.